Neno Nililolikata kwa Mashine

Ninyi mnaonisimamisha kila Jumapili mlangoni mwa kanisa, mkiniuliza niliwezaje kuwafikisha watoto wawili kwenye diploma ya Serikali bila shule, leo nitawajibu kwa kirefu. Pale mlangoni huwa nawapa jibu fupi, kisha napanda moto, yaani pikipiki, na kurudi nyumbani. Jibu fupi ni "neema ya Mungu". Si uongo, lakini halimsaidii mtu ambaye kesho asubuhi atakaa mbele ya kijana wa miaka kumi na sita asiyetaka kufungua daftari.

Kwanza jina langu, msije mkacheka katikati ya habari. Mtaa wote unaniita Mama Mujinga, kwa jina la binti yangu. Kwetu Baluba, Mujinga ni jina la mtoto aliyezaliwa kitovu kimemzunguka shingo, na mwenye jina hilo hulibeba kwa heshima. Lakini Kiswahili hakina huruma, na wageni wanaofika Kamina hudhani majirani wananitukana. Kwa hiyo mtu akikuambia huna akili ya kumfundisha mwanao, mwambie kuna mama mmoja ambaye aliambiwa hivyo kila alipoitwa, na bado alifundisha.

Mimi sikuwa mwalimu. Nilikuwa mpiga chapa wa mashine ya kuandikia katika ofisi za reli, na nilikuwa hodari, hilo siwafichi. Wakubwa waligombania barua zangu kwa sababu moja: pembezo zilikuwa zimenyooka pande zote mbili, kushoto na kulia, utadhani zimekatwa kwa wembe. Kulia ndiko kugumu. Kushoto mashine inakusaidia, kulia ni jicho lako na hesabu yako. Neno lisipotosha mwishoni mwa mstari, unalikata kwa kistari kidogo, nusu yake unaipeleka mstari wa chini. Kuna kanuni za kukata, nami nilizijua zote.

Mume wangu alifariki kabla ya vita. Kisha vita vikaja, treni zikawa chache, barua nazo zikawa chache. Familia zilizokimbia mapigano upande wa kaskazini zikaletwa mjini, na shule ya watoto wangu ikawa makazi yao. Sikuweza kuwalaumu, watu walikuwa wamelala na watoto wachanga pale palipokuwa na madawati. Walimu wakaenda kulima. Mujinga alikuwa na miaka kumi na saba, mdogo wake Ilunga kumi na sita. Walikuwa darasa moja kwa sababu Mujinga aliwahi kuugua mwaka mzima. Wote wawili walibakiwa na miaka miwili ya mwisho, na baada yake mtihani wa Serikali.

Msichana nilimhofia kwa namna yake. Lakini hofu iliyonifanya nishindwe kumeza bukari, yaani ugali, ilikuwa ya Ilunga. Mvulana mrefu, mwenye mabega, asiye na kadi ya mwanafunzi, alikuwa mali ya yeyote mwenye bunduki. Niliwaona wenzake wakipakiwa kwenye malori kuelekea upande wa Base, kambi ya jeshi, wengine wakiwa wametoka tu kununua chumvi. Nikajiwekea jambo moja kichwani: nimfikishe Ilunga kwenye chumba cha mtihani kabla mtu hajamvalisha magwanda. Yote nitakayowaambia hapa kuhusu kufundisha niliyafanya nikiwa ndani ya hofu hiyo, na hofu si mwalimu mzuri.

Siku ya kwanza niliwavalisha sare. Shati jeupe, sketi na suruali ya bluu, saa moja na nusu asubuhi, mezani sebuleni. Ilunga aliniangalia kama mtu anayemwangalia mgonjwa.

"Mama, tuko ku nyumba. Nani atatuona?"

"Minyi nitakuona," nilimwambia. "Ikaa."

Hilo la sare sikulijutia. Mtoto akivaa shati la shule mgongo wake unanyooka wenyewe. Nililolijutia ni mambo mengine. Nilifundisha kama nilivyofundishwa ofisini: nasema, wanaandika, nakagua, napiga mstari mwekundu. Mchana wa kwanza Ilunga alikuwa na mistari myekundu mingi kuliko ya bluu, akafunga daftari, akaenda kukaa nje.

Halafu imla. Ninyi wa siku hizi mna simu inayowasomea Kifaransa vizuri. Mimi nilikuwa na mdomo wangu tu, na mdomo wa Muluba mnaujua, ile herufi ya "r" haitaki kukaa humo. Niliwasomea sentensi nzuri kuhusu mama anayepika wali, *le riz*. Nilipokusanya madaftari, wote wawili walikuwa wameandika kwamba mama anapika kitanda, *le lit*. Nikakasirika, nikawaambia hawasikilizi. Mujinga akaniambia taratibu: "Mama, tunasikiliza. Njo vile unasema." Nikasoma tena. Kitanda. Nikasoma mara ya tatu kwa nguvu zote, mate yakaniruka. Kitanda tena. Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu shule ifungwe. Tangu siku ile, neno lenye "r" tuliliandika kwanza ubaoni ndipo tukaendelea. Ukijua pale ulimi wako unapokusaliti, waambie watoto mapema, usingoje wakugundue.

Vitabu havikuwepo. Hapa wengi mtadhani natia chumvi, lakini muulizeni Mujinga. Sokoni kulikuwa na mama mmoja aliyeuza karanga za kukaanga kwenye vikoni vya karatasi. Siku moja Ilunga alifungua kikoni chake akakuta mchoro wa chupa za maabara. Ilikuwa kemia ya mwaka wa tano, ukurasa mzima, mafuta yameupenya lakini unasomeka. Nikaenda kwa yule mama nikamwuliza kama kitabu kilichobaki anaweza kuniachia. Akakataa. Alisema akiniachia kitabu atafunga karanga kwa nini, kwa majani ya muhogo? Tukawa wateja wake. Kila siku watoto walichagua vikoni kwa kuchungulia nambari za kurasa, na yule mama alidhani wanatafuta chenye karanga nyingi, akawa anawazomea. Tulikula karanga mpaka sura ya tisa. Ukurasa mmoja wa asidi na besi hatukuupata kabisa, na mpaka leo Mujinga, ambaye ni muuguzi mkubwa, akikwama jambo husema ukurasa wake ulikwenda na karanga za mtu mwingine.

Hesabu ndiyo iliyonishinda. Kwa hesabu nilimwendea Mwalimu Shabani. Alikuwa mzee wa familia za Waislamu wa Maniema, wafanyabiashara watupu, yeye peke yake aliyekataa duka akafundisha hesabu miaka thelathini. Wakati wa vita alikuwa anauza vitenge vya kaka yake sokoni, kwa uvivu mkubwa, kwa sababu mteja akimkuta na kitabu alisubirishwa mpaka mwalimu amalize ukurasa. Alikubali kuja kwetu na baiskeli yake mara mbili kwa wiki.

Siku ya kwanza aliuliza majina. Binti akasema, "Mujinga." Mwalimu akavua miwani.

"Nani anakuita vile?"

"Mama."

Akanigeukia kwa huzuni ya kweli. Ilibidi nimweleze habari ya kitovu. Akampa hesabu ya kwanza kama kumfariji, na Mujinga akaimaliza kabla mwalimu hajarudisha miwani usoni. Akampa ya pili, ngumu kidogo, ikaenda vilevile. "Basi," alisema, "hiyo jina iko uongo mutupu."

Lakini aliyenifundisha kazi ni yeye. Alinitazama wiki mbili nikiwasimamia watoto na kalamu yangu nyekundu. Kisha akaniambia:

"Mama, weye unafundisha sawa ofisi. Aba batoto habako makarani. Ikaa pale. Sasa Ilunga njo atakufundisha weye."

"Minyi siyui hesabu, mwalimu."

"Njo vizuri. Weye ukifahamu, tutayua naye anafahamu. Ukikosa kufahamu, atatafuta mu kichwa yake mpaka apate njia."

Nikaketi upande wa wanafunzi. Sikupenda. Mama mwenye miaka arobaini na saba, mpiga chapa wa ofisi ya mkuu, namwambia mwanangu: sijaelewa, rudia. Ilunga alirudia. Alipokwama alirudi kwenye kitabu cha mwalimu peke yake, bila kutumwa. Mwezi wa tatu wa kazi hiyo nilimkuta sebuleni amevaa sare siku ya Jumamosi, anakifundisha kiti kitupu. Basi hilo ndilo jibu la swali lenu la mlangoni, nimelipata kwa mzee mwenye vitenge. Siku ambayo mtoto anakufundisha wewe, achana na kalamu nyekundu.

Sasa nifike pale nisipopenda kufika.

Mtu asiye na shule anaweza kufanya mtihani wa Serikali kama *autodidacte*, yaani mtu aliyejifundisha mwenyewe. Tuliandikisha watoto hivyo. Kadi za watahiniwa zilikuwa zimekwisha, na karani wa elimu, mtu mwema, akaniambia nichape mwenyewe kadi mbili nimletee atie muhuri. Nilifurahi kuliko mnavyoweza kufikiri. Kazi yangu imerudi. Nilikata jalada gumu la faili, nikasafisha herufi za mashine yangu ya ofisini kwa sindano, nikachapa jina, tarehe, kituo. Mstari wa nne ulikuwa "CANDIDAT AUTODIDACTE". Kadi ilikuwa nyembamba. Neno halikutosha. Ningeweza kulishusha lote chini, lakini kulia pangebaki pengo, na pembezo yangu ingevunjika. Nikalikata kwa kanuni: juu "CANDIDAT AUTO-", chini "DIDACTE". Kadi ilinyooka pande zote mbili. Karani akagonga muhuri, na muhuri wa kadi ya Ilunga ukaangukia ule mstari wa chini, wino mwingi, ukaufunika wote.

Niliona. Nawaambia ukweli, niliona, nikasema moyoni haidhuru, muhuri ndio wanaoutaka askari. Nikamruhusu Ilunga atoke. Mwalimu Shabani alikuwa amevimba mguu na hakuweza baiskeli, ilibidi watoto wamfuate kwake. Mtihani ulikuwa umebakiza siku tano.

Lazima mjue jambo moja la wakati ule. Kulikuwa na vikundi vya vijana wa kujilinda, waliopelekwa vitani pamoja na jeshi, walioitwa *autodéfense*, na mtaani kila mtu alifupisha akasema "auto". Yule ni auto. Auto wameondoka. Neno hilo nililisikia kila siku sokoni, na bado halikunijia kichwani nilipokuwa nahesabu nafasi za mstari.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Mujinga aliingia anakimbia, kiatu kimoja mkononi.

"Mama, banamukamata Ilunga. Kule ku barrière, njia ya Base."

"Hakuonyesha kadi?"

"Alionyesha. Banasoma, banasema iko auto. Banamuuliza juu ya nini auto benzake beko ku front na yeye iko anatembea na kitabu. Banasema alitoroka."

Sikulia. Nilivaa kitenge cha kanisani na viatu vya ofisi, nikamwambia Mujinga afunge mlango kwa ndani. Njiani nilikuwa nasema herufi zile moja moja, A, U, T, O, kistari. Kistari kile kidogo ndicho kilichoniuma kuliko vyote, kwa sababu nilikigonga mwenyewe, kwa kidole hiki, kwa majivuno.

Kwenye barrière, kile kizuizi cha askari, waliniambia yupo ndani, kwa komanda. Ndani ni nyumba ndogo ya matofali yenye meza, sanduku la risasi, na kabati. Ilunga alikuwa amesimama ukutani, shati lake jeupe limetoka nje ya suruali. Hakuwa amepigwa. Komanda alikuwa mtu wa mashariki, Kiswahili chake kilikuwa kingine.

"Wewe ni nani?"

"Afande, minyi njo mama yake. Batu baniita Mama Mujinga."

Askari mmoja akacheka nyuma yangu, komanda akaniuliza:

"Mama mjinga? Nani amekupa jina hilo?"

"Mutoto wangu wa kwanza njo Mujinga. Ku Baluba iko jina ya heshima."

Alitabasamu kidogo, kisha akainua kadi. "Mama, hii karatasi inasema mtoto ni auto. Auto ni wangu mimi. Gari inaondoka wiki ijayo."

Nikamweleza muhuri, nikamweleza mstari wa chini. Nikamwambia maana ya neno zima: mtu anayejifundisha mwenyewe. Akamgeukia Ilunga.

"Ulijifundisha mwenyewe?"

Ilunga alinitazama. Nilitamani aseme ndiyo tu, lakini mtoto huyu nilikuwa nimemfundisha kusema kweli. "Mama njo alinifundisha, afande. Na Mwalimu Shabani."

"Basi kadi inasema uongo mara mbili," komanda alisema.

Chumba kilikuwa na joto, na nzi walikuwa wanatembea juu ya kadi yangu iliyonyooka. Komanda akachukua karatasi na kalamu, akamketisha Ilunga juu ya lile sanduku. "Kama wewe ni mwanafunzi, andika," alisema. Akamsomea Kifaransa, ripoti fulani: risasi tulizozipokea hazikutosha. *Les munitions que nous avons reçues*. Mnaijua mitego ya sentensi hiyo, mwisho wa lile tendo unapaswa kufuata risasi zilizotangulia, nao hausikiki mdomoni. Watu wenye diploma huanguka hapo. Nilinyoosha shingo, nikamwona Ilunga anasimamisha kalamu, kisha anaongeza "e" na "s".

Nikajivuna. Pale, mwanangu amekalia sanduku la risasi, nilijivuna.

Komanda alisoma polepole. Akaisoma tena. Akawaita askari wawili akawaonyesha. "Karani wangu anaandika kama kuku anayechakura," alisema. "Huyu sasa ni sikirieteri wangu. Hatapiga risasi, mama, usiogope. Atakwenda nami na kalamu yake."

Nilielewa nilichokifanya. Miaka miwili nilimfundisha asikosee, na kwa kutokukosea kwake walikuwa wananichukulia mwanangu. Ilunga naye alielewa, nilimwona usoni. Alikuwa na miaka kumi na minane na ghafla alionekana na kumi na miwili.

Juu ya kabati kulikuwa na mashine ya kuandikia, imefunikwa na mfuko wa plastiki. Niliiona tangu nilipoingia, jicho langu huona mashine kwanza. Nikauliza:

"Afande, ile mashini iko na mwenyewe?"

"Hakuna anayeijua."

"Minyi nayiyua."

Sikusubiri ruhusa. Niliishusha, nikaipuliza vumbi, nikaweka karatasi, nikachapa ile sentensi ya risasi na mistari mingine mitano ya ripoti bila kuangalia vidole. Askari wakaja mlangoni kutazama. Wengine hawakuwahi kusikia mwendo ule. Nilipoitoa karatasi, pembezo zilikuwa zimenyooka pande zote mbili, hata pale. Nikaiweka mbele yake.

"Nitakuja kila asubuhi mpaka gari iondoke. Barua yote, ripoti yote, liste yote. Muache mutoto afanye examen."

"Na akimaliza mtihani?"

"Gari itakuwa imeenda, afande. Utakuwa na karatasi zako zote safi."

Aliishika karatasi yangu, akaisogeza mwangani. Sijui alifikiria nini. Labda alifikiria mama yake, labda alifikiria wakubwa wake watakavyosoma ripoti iliyonyooka. Akasema: "Chapa kwanza kadi nyingine." Niliichapa hapo hapo. Neno zima, mstari wake peke yake, na kulia pengo kubwa la ovyo. Akaitia sahihi. Ilunga akatoka mlangoni hajageuka nyuma, kama nilivyomkonyeza afanye.

Siku zile za mtihani watoto walitangulia na Mwalimu Shabani, ambaye aliwasindikiza anachechemea, ameshika usukani wa baiskeli kama mkongojo, Mujinga mbele na Ilunga katikati. Mimi nilikwenda njia ya pili, kwa komanda. Kila gari lililosimama nje nilidhani limekuja kusema ahadi imevunjika. Nilikosea herufi kila ukurasa, mimi, nikafuta, nikarudia. Saa nane watoto walipita barabarani wakirudi, mbali kidogo, ndipo nilipopumua hadi kesho yake.

Siku ya mwisho komanda alinipa orodha ya vijana wa kupanda gari. Iliandikwa kwa mkono, na karani yule wa kuchakura. Majina thelathini, kila moja na nambari. Nikaanza kuchapa. Nambari kumi na tisa ilikuwa Ilunga, jina lake kamili, limekatwa kwa mstari. Pembeni yake, kwa wino mwingine, waliandika Banza.

Banza nilimjua. Alikuwa mtoto wa Mama Banza wa nyumba ya nne kutoka kwetu, aliyekuwa akikausha samaki wanaotoka Kinkondja. Kijana mpole, shule aliiacha ilipofungwa, akawa anamsaidia mama yake kupanga samaki. Alichukuliwa siku mbili baada ya Ilunga kuachiwa, mtaa mzima tulijua. Sikujua kwamba alikuwa wa kujaza nafasi.

Nilikaa vidole vikiwa juu ya mashine. Ningeweza kufanya nini? Nilifikiria kuruka mstari, kuandika ishirini na tisa. Lakini walihesabu watu, hawakuhesabu karatasi, na mtihani ulikuwa umebakiza karatasi moja ya mchana. Kama komanda angekasirika, alijua pa kumpata wa kumi na tisa wa kwanza. Niliogopa. Nikachapa Banza. Nilichapa herufi tano bila kukosea, nikaendelea na nambari ishirini.

Gari liliondoka kesho yake. Mwezi ulipita, ukaja wa pili. Hatukusikia lolote kuhusu waliopanda.

Matokeo yaliposomwa redioni tulikuwa sebuleni, na nusu ya mtaa ilikuwa dirishani. Walisoma jina la Mujinga, watu wakacheka na kushangilia pamoja, kisha la Ilunga. Mnajua tunavyofanya hapa, aliyefaulu humwagiwa poda nyeupe. Poda ikaanza kuruka, vichwa vya watoto vikawa vyeupe, Mwalimu Shabani akawa mweupe mpaka ndevu, mtu akapiga mfuniko wa sufuria. Mimi nilikuwa nacheza na nalia. Ndipo nikamwona Mama Banza anaingia uani na kopo lake la poda. Harufu ya samaki ilikuwa bado mikononi mwake, alikuwa ameacha kazi akakimbia.

Alimwagia Mujinga, akamwagia Ilunga, akamkumbatia Ilunga muda mrefu kuliko wengine. Kisha akaja kwangu, akanishika mikono yote miwili.

"Yaya," aliniambia, kama mtu anavyomwita dada mkubwa, "weye uko na kichwa. Banza akirudia kutoka ku front, utamufundisha naye? Hata kama iko mukubwa?"

Niliwahi kupanga kumwambia habari ya nambari kumi na tisa. Nilipanga mara nyingi miaka iliyofuata, na Mama Banza amezikwa bila mimi kumwambia, ndiyo maana naweza kuwaandikia ninyi. Siku ile nilikuwa na sekunde moja tu, watoto wangu wawili wakiwa weupe mbele yangu na mtaa mzima ukiimba.

"Akirudia," nikamjibu, "nitamufundisha."

Akatia kiganja ndani ya kopo, akanipaka poda iliyobaki, paji la uso na mashavu, polepole, kama anayempaka mtoto mafuta. Kisha akapiga goti kidogo, kwa heshima ya kwetu, akanishukuru.